Uondoeni ule mto chini ya goti

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mkomani, hapa Lamu, kumtazama mama mmoja aliyerudi kutoka Mombasa, amebadilishiwa goti la kushoto. Nilimkuta amelazwa vizuri: shuka safi, udi umefukizwa, feni inamwelekea yeye, na wanawe wawili wamekaa huku na huku wakimsimulia habari za mjini. Chini ya goti alikuwa amewekewa mto mnene wa sufi.

Nilisalimu, nikamwombea dua, kisha nikaomba ruhusa niutoe ule mto. Binti yake aliruka. "Mama, usiutoe! Akiwekewa hivyo ndipo apatapo usingizi."

Raha ya mto ule naijua. Iliniharibia wiki sita, na nusura inirudishe chumba cha upasuaji. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Langoni, nina miaka 63. Nimeshona madera, mabuibui na nguo za maharusi tangu ujana wangu, kwa cherehani ya miguu. Goti la kulia lilianza kuniuma zamani, nikalitibu kwa kila mafuta yauzwayo madukani, hata ikafika nikawa siwezi kushuka ngazi ila kwa makalio. Daktari alinionyesha picha: gegedu imekwisha, mfupa unasaga mfupa. Mwaka jana nikafanyiwa upasuaji Mombasa. Huchonga ncha za mifupa miwili, ya paja na ya muundi, wakaivisha chuma, na katikati wakaweka plastiki ngumu mahali pa ile gegedu iliyokwisha.

Upasuaji wenyewe sina la kuulalamikia. Siku ya pili tu nilisimamishwa, nikatembea hatua nane nimeshika kile chuma cha miguu minne. Kijana wa mazoezi ya viungo alikuja asubuhi na jioni. Lakini siku ya kuruhusiwa, mpwa wangu aliyekuja kunichukua alikuwa kwenye foleni ya malipo wakati ninaelezwa mazoezi ya nyumbani, na mimi bado kichwa kizito kwa dawa. Nilipewa karatasi. Imeandikwa Kiingereza, na picha zake ni za mtu mwenye kitanda kipana, zulia, na nyumba isiyo na ngazi hata moja. Niliikunja nikaitia mkobani.

Nikakaa kwa jamaa Majengo, huko huko Mombasa, mpaka nyuzi zikatolewa, kisha basi hadi Mokowe, gati la bara, kisha mashua. Vijana wa mashua walinibeba kama yai, Mungu awalipe.

Kilichofuata nyumbani nitakisema kwa kituo, kwa sababu hakuna aliyenitendea ubaya. Dada yangu mkubwa alihamia kwangu siku ile ile. Nilikuwa nikitia mguu chini tu, ananiwahi: "Yeo pumzika, dada. Kesho." Kesho ikija ni vivyo hivyo. Uji uliletwa kitandani, birika na beseni la kutawadhia vililetwa kitandani, hata wateja walioleta vitambaa waliingizwa chumbani nikawapima nikiwa nimelala. Na goti likiuma, dada alikunja mto akautia chini yake. Goti likipinda kidogo namna ile maumivu hutulia, kwa hiyo nami niliuomba. Usiku na mchana, mto.

Wiki ya nne akaletwa mkandaji, mwanamke stadi sana, amewakanda wazazi wengi wa mji huu. Alikuja na mafuta ya simsim na sufuria la maji ya moto. Kwa hilo nilikataa, kwa heshima, maana nilikumbuka neno moja la hospitali: goti jipya lililovimba hutulizwa kwa baridi, halikandwi kwa moto, na mguu uliotoka upasuaji usisuguliwe kwa nguvu, huenda mna damu iliyoganda ndani ya mshipa. Dada alinuna siku mbili.

Wiki ya sita tukarudi Mombasa pamoja. Daktari alinipima kwa rula yake ya kukunja. Goti linapinda digrii 70 tu, na halinyooki lote, linabaki limepinda digrii 15. Nilipolala chali kwenye meza yake, ngumi yangu iliingia nzima kati ya goti na meza. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, kuketi kitini kwa raha na kupanda ngazi hutaka goti lipinde kiasi cha digrii 90, na kuinuka kwenye kiti cha chini hutaka zaidi ya hapo. La pili, kovu hufanyika ndani kama lifanyikavyo juu ya ngozi, na lisiponyooshwa na kukunjwa mapema hukomaa. Tukifika miezi mitatu bila maendeleo, huenda itabidi nilazwe kwa nusukaputi goti likunjwe kwa nguvu.

Mimi niliyaelewa kifundi. Kovu lilikuwa linashona pasipotakiwa kushonwa, nami nimetulia tuli, namshikia kitambaa. Na ule mto ulikuwa ukilifundisha goti kukaa limepinda.

Kisha yule kijana wa mazoezi akafanya jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. Aliuliza: "Nani anakaa naye nyumbani?" Dada akasema, "Mimi." Basi kijana akageuza kiti akaniacha mimi, akamfundisha dada. Aliuchukua mkono wake akauweka juu ya paja langu, akaniambia nikaze. "Mama, unausikia msuli huu? Umelala. Baada ya upasuaji na uvimbe, msuli huu wa mbele ya paja husahau kazi. Wewe ndiye utakayeuamsha." Dada yangu hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini mkono wake ulielewa. Tangu siku ile hakuna aliyeniambia "yeo pumzika". Nilikuwa naambiwa, "Bado tano."

Naomba niyaeleze mazoezi tuliyoyafanya, kwa sababu najua ziko nyumba nyingi Lamu ambamo karatasi ile ya Kiingereza imekunjwa mkobani. Kila mtu afuate ya daktari wake. Haya ni yangu.

Tuliyafunga na sala, tusiyasahau. Baada ya kila sala nafanya fungu moja, isipokuwa baada ya Isha, hapo ni kunyoosha tu na barafu. Dawa ya maumivu nilimeza kiasi cha nusu saa kabla ya lile fungu la adhuhuri, lililokuwa kubwa kuliko yote. Wengi huacha kumeza dawa kwa kujikaza, kisha wakashindwa kukunja goti. Nami nilijikaza hivyo wiki za mwanzo, sikupata faida.

Kunyoosha ndiko kuliko kuwa na thamani zaidi kwangu, na ndiko watu wasikokujua. Nilikunja leso mbili zikawa kama gogo, nikaziweka chini ya kisigino, chini ya goti pakabaki wazi. Mguu unaning'inia wenyewe, na uzito wake ndio unaonyoosha goti. Dakika tano mwanzoni, baadaye kumi. Dakika tano hizo ni ndefu kuliko unavyodhani. Dada alikuwa akinisomea Yasini, na akifika mwisho natoa mguu. Kisha bila leso, nalisukumia goti chini kwenye godoro, nakaza paja, nahesabu mpaka tano, naachia. Mara kumi. Msuli ulipoanza kuamka tukaongeza kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka kitandani, na kuushusha polepole. Kuchezesha nyayo, mbele na nyuma, nilifanya saa yoyote niliyokumbuka, hata nikizungumza na mteja, kwa sababu huko ndiko kunakosukuma damu isilale miguuni.

Kukunja ndiko kulikoniliza. Niliketi kwenye kiti kigumu, chini ya wayo nikaweka kipande cha satini nilichobakiwa nacho kwenye gauni la harusi, kwa kuwa satini huteleza vizuri kwenye sakafu yangu ya saruji. Navuta mguu nyuma, chini ya kiti, mpaka ukwame. Hapo naupitisha mguu wa kushoto mbele yake, nausukuma nyuma kidogo tena, nahesabu mpaka kumi. Kisha dada anainama na chaki yangu ya kukatia nguo, anapiga mstari sakafuni kwenye ncha ya kidole gumba. Kila Ijumaa anapiga mstari mpya na kuandika tarehe.

Mistari ile bado ipo. Wiki ya kwanza ilisogea inchi moja. Ya pili nusu inchi. Ya tatu haikusogea kabisa, nikalia, nikasema chuma hiki kimewekwa vibaya. Ya nne ikasogea inchi nzima na robo. Bila chaki ningeikatia tamaa ile wiki ya tatu, kwa sababu mwili haukwambii kama unasonga mbele, unakwambia tu kuwa unauma.

Uvimbe nao niliupima kwa futi yangu ya kushonea, katikati ya goti, kila Ijumaa asubuhi kabla ya kazi. Goti zima lina inchi 15 na nusu. Goti la upasuaji lilikuwa 18 kasoro robo wiki ya sita. Siku nilizotembea kupita kiasi lilipanda kesho yake, nikajua nipunguze. Wiki ya ishirini lilikuwa 16 na robo. Nawaomba wenzangu wasiogope uvimbe wa miezi, mimi wangu ulikawia hivyo na daktari alisema ni kawaida. Baridi nilipata kwa jirani auzaye barafu za ukwaju kwa watoto. Alikuwa akinigandishia mbili za maji matupu, nazizungushia leso, naziweka juu ya goti dakika 15 hadi 20, mguu nimeuinua. Barafu isigusane na ngozi, itaunguza.

Ngazi ni habari nyingine. Wanaoandika karatasi za hospitali hawajaziona ngazi za Lamu. Nyumba yangu ni ya mawe, ya kale, naishi juu, na vidato ni 14. Nilivipima: cha chini ni inchi 8, cha saba ni 10 na nusu, na pale ngazi inapokata kona kidato kimebanwa upande mmoja hata mguu hauenei. Hapakuwa na cha kushika. Seremala wa mtaani alinipigia boriti nyembamba ukutani toka chini hadi juu, kazi ya asubuhi moja. Sheria ya ngazi nilifundishwa na nimeifundisha mtaa mzima: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia, na bakora pamoja nao. Na bakora hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Watu wengi huishika upande wa mguu mgonjwa. Nami nilidhani ndivyo.

Chooni, kwa kuwa chetu ni cha kuchutama, tulikata tundu kwenye kiti cha plastiki tukakiweka juu. Kuchutama sikurudii tena, wala kusujudu chini. Naswali kitini, na dini imenipa ruhusa.

Nje nilianza kwa kwenda hadi daka la jirani na kurudi. Kisha madaka mawili. Nilitoka baada ya Alfajiri, kabla ya punda wa mchanga na mawe kujaa vichochoroni, maana punda aliyebeba hapishi mtu, na mwenye bakora hawezi kuruka. Madaka yetu haya ni neema: kila hatua chache pana mahali pa kujibanza na baraza ya kukalia. Wiki ya kumi na moja nilifika Mkunguni, mbele ya Ngome, nikakaa chini ya mti nikanywa kahawa. Siku hiyo hiyo nilirudi kwenye cherehani, kiti nimekiinua kwa mto. Ule ule wa sufi, sasa umepata kazi yake. Nikikanyaga, kifundo cha mguu na goti vyote huenda na kurudi, na kijana wa mazoezi aliponiona kwenye simu alifurahi kuliko mimi. Maana tulikubaliana hivyo: kila Ijumaa mjukuu wangu alinirekodi nikikunja goti na kutembea, akamtumia kwa WhatsApp, naye akajibu kwa sauti, kwa Kiswahili, dakika mbili tatu. Zilitosha kunivusha wiki.

Nilipopimwa miezi mitatu nilikuwa digrii 95. Nusukaputi sikuihitaji. Mwaka ulipotimia, 112, na mguu unanyooka karibu wote.

Sasa maombi yangu.

Kwa hospitali zinazofanya upasuaji huu: msimruhusu mgonjwa kabla hamjamfundisha mtu atakayekaa naye. Msimfundishe aliyekuja kulipa, mfundisheni atakayepika uji. Mwulizeni mgonjwa ni nani, mkampigie simu kama yuko mbali. Karatasi iwe ya Kiswahili, na iulize: nyumba yako ina ngazi ngapi, choo chako ni cha namna gani, unavuka maji kurudi kwako? Na neno la mto chini ya goti liandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Kwa kaunti yetu: wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi mwaka wa 2023 hutugongea milango, wanatupima presha na sukari. Nawapenda, ni watoto wetu. Wafundishwe na haya. Hayahitaji mashine. Wajue kutazama kama goti linanyooka, wajue bakora ni mkono gani, na wajue dalili za hatari, kwa kuwa hizo hazingoji Ijumaa: shavu la mguu likiuma na kuvimba na kupata joto, kidonda kikitoa usaha au kuwa chekundu na homa ikapanda, na zaidi ya yote, pumzi ikikata ghafla au kifua kikichoma. Mtu huyo ni wa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku na mashua itafutwe. Hapa mjini angalau hospitali si mbali. Fikirieni aliye Faza, Kizingitini au Siyu, ambaye kufuata mtaalamu wa mazoezi ni safari ya bahari, kwenda na kurudi, kwa zoezi la nusu saa. Huyo hatakwenda mara mbili kwa wiki. Lakini mhudumu wa kijijini kwake anaweza kumfikia kwa miguu, na simu inaweza kumfikisha kwa mtaalamu.

Na kwenu mabinti, dada na wake za wana mnaouguza: najua mnavyoogopa. Mnaogopa nyuzi zitafumuka, chuma kitachomoka. Dada yangu aliogopa hivyo hivyo. Aliniambia baadaye kwamba mara ya kwanza aliposhika mguu wangu kuukunja, nami napiga kelele, alihisi anamtesa mtoto wa mama yake. Alitoka nje akalia barazani, akanawa uso, akarudi, akasema, "Haya, bado tano." Sijapata kumlipa kwa hilo.

Yule mama wa Mkomani aliniruhusu niutoe mto. Goti lake linainuka vidole vitatu kutoka kitandani, na hii ni wiki yake ya tatu tu, kwa hiyo yuko mbele yangu sana. Nilikunja leso zake nikaziweka chini ya kisigino, akavumilia dakika nne. Binti yake alishika saa. Kabla ya kuondoka nilipiga mstari wa kwanza sakafuni, nikamwachia binti kipande cha chaki na futi yangu moja ya zamani. Ijumaa hii baada ya Asiri nitarudi kuutazama wa pili.

Fundi cherehani,
Langoni, Lamu